Uzoefu wangu wa kutumia WebAssembly na JavaScript katika kupunguza picha

Natunza tovuti inayopunguza ukubwa wa picha ndani ya kivinjari, kabla picha haijapakiwa mtandaoni na kumaliza bando la mtumiaji, na kazi hiyo nimeifanya kwa JavaScript, lugha ya programu inayotumika kwenye kurasa za mtandao, na vilevile kwa baitikodi ya WebAssembly, yaani msimbo ulio karibu na lugha ya mashine ambao kivinjari huweza kuuendesha, niliyoitoa kwenye lugha ya programu ya Rust. Nimeridhika sana na WebAssembly, ingawa kinachoniridhisha zaidi si kasi inayotangazwa.

JavaScript ya leo si ile ya mwaka 1995. Tangu Google ilipotoa V8, injini (programu inayoendesha JavaScript ndani ya kivinjari), mwaka 2008, injini za vivinjari zimezidi kuboreshwa: huuchunguza msimbo unapoendelea kufanya kazi, hukisia aina za data zinazopita, kisha huigeuza sehemu inayotumika mara nyingi kuwa lugha ya mashine. Kitanzi changu cha kutia ukungu kwenye picha, kikishapata moto, hukaribiana kabisa na kile cha Rust. Taabu huanza makisio yanapovunjika: ikitokea namba ya desimali mahali palipozoeleka namba kamili, injini hulazimika kuutupa msimbo iliokwisha kuuboresha na kurudi kwenye njia ya polepole, na kwenye simu ya bei nafuu mtumiaji huona kazi imekwama. WebAssembly haina makisio ya namna hiyo, kwa kuwa aina za namba zake, kama i32 (namba kamili) na f64 (namba ya desimali), zimetajwa tangu mwanzo. Mwendo wake unatabirika, na kwangu hilo lina thamani kubwa kuliko kushinda kwa tofauti ndogo.

Jambo jingine zuri ni kwamba kivinjari kinaweza kuanza kuitafsiri baitikodi hali faili bado linashuka, mradi seva ilitambulishe faili hilo kwa lebo ya aina yake, application/wasm.

Udhaifu wake uko mpakani. WebAssembly haiwezi kugusa vitufe wala maandishi ya ukurasa bila kupitia JavaScript, na kila data inayovuka kwa kawaida hunakiliwa. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, ikishafunguliwa, ni baiti milioni 48, kwa sababu kila pikseli hubeba baiti nne; nakala hiyo huingia kwenye kumbukumbu ya WebAssembly, na matokeo hunakiliwa tena yanapotoka. Kwa picha kubwa gharama hiyo hufidiwa na hesabu nzito inayofuata, lakini kwa nembo ndogo hakuna maana kuilipa hata kidogo, na fomu na vitufe nimeviacha vyote kwenye JavaScript.

Anayetaka kuitumia azingatie pia kwamba kumbukumbu ya WebAssembly huongezwa kwa vipande vya kilobaiti 64 na, ikishapanuka, hairudi kuwa ndogo. Ndiyo maana kazi yote naiendesha ndani ya Web Worker, yaani programu ya pembeni inayofanya kazi kando ya ukurasa, ambayo naifunga kila mara picha kubwa inapokamilika ili simu irudishiwe nafasi yake.