Veriesheni saiti: bei za BOQ au malipo ya kutwa?
Mnaojenga Mwanza mnajua, unachimba msingi Capri Point ukidhani ni udongo, futi tatu tu unakutana na jiwe. Kazi imebadilika, ndiyo veriesheni hiyo, sasa inalipwaje?

Mimi naanza na bei za BOQ, yaani ile orodha ya kazi, vipimo na bei zake iliyo kwenye mkataba. Kama kuna aitemu ya kuchimba mwamba unapima kyubiki mita unazidisha, yameisha. Ila bei ya udongo haiwezi kulipia jiwe jamani, kontrakta akilalamika ana haki, hapo mnajenga bei mpya kutoka ile ya zamani au kwa gharama halisi na faida kidogo.

Malipo ya kutwa ni masaa ya vibarua, kompresa, dizeli, juu unaweka asilimia. Yanafaa vikazi visivyopimika, mfano kuhamisha bomba la maji mlilolikuta chini. Kwa kazi kubwa siyapendi kabisa maana anayeenda taratibu ndo analipwa zaidi, na bila karatasi mtagombana, FIDIC ya 1999, ile fomu ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi, inataka kila siku iletwe taarifa, nakala mbili, ya kazi ya jana yake, ukisubiri mwisho wa mwezi nani atakumbuka vibarua walikuwa wangapi?