Boksi la silabi la elfu kumi na tano: zuri, ila huwezi kuandika "baba"

Mwezi wa tatu nilikwenda Kariakoo kufuata vitenge na zipu, maana mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Kwenye duka moja la vifaa vya shule nikaona boksi la kadi za silabi. Muuzaji akataja elfu kumi na nane, tukavutana, tukamalizana kwa elfu kumi na tano. Jina la aliyelitengeneza silitaji. Boksi za namna hii zimejaa madukani na zinafanana kama mapacha, kwa hiyo haya huenda yakakuhusu hata kama lako lina picha nyingine juu.

Mwanangu ana miaka saba, yupo darasa la kwanza. Mwaka jana nilimpeleka chekechea ya Kiingereza, ada nikiilipa kwa kujinyima, akatoka huko anaimba ei, bii, sii bila kukwama. Alipoingia shule ya serikali akaandikiwa "ma" ubaoni, akasoma "em-ei". Darasa zima likacheka. Mwalimu wake, mama mtu mzima mwenye watoto zaidi ya tisini kwenye chumba kimoja, aliniita akanieleza taratibu kwamba siku hizi, tangu walipoanza na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mwaka 2015, mtoto anaanzia kwenye sauti. "Mama, nyumbani usimtajie jina la herufi. Mtajie inavyolia, halafu uiunganishe na irabu." Nikamshukuru. Nilijua kwa watoto tisini hawezi kumkalisha wangu peke yake, kazi hiyo ni yangu.

Ndani ya boksi kuna kadi 26 za herufi zenye picha, kadi 5 za irabu, na kadi 125 za silabi, kuanzia ba be bi bo bu mpaka kwenye akina nya na sha. Jumla 156, na ndivyo ilivyoandikwa juu ya kifuniko. Tulipozimwaga mkekani tukapata 155. "Po" haikuwemo. Siwezi kupanda basi kwenda Dar kwa ajili ya po moja, nikakata kipande cha katoni ya nyuzi nikaiandika mwenyewe.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Herufi ni kubwa, na konsonanti ni nyeusi wakati irabu ni nyekundu. Hilo ni jambo dogo lakini limetusaidia kuliko yote. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo mtoto akiona nyekundu anajua hapo sauti inatua. Siku za mwanzo alikuwa akipanga ba be bi bo bu na kuzisoma kwa madaha, nami nikafurahi kama mjinga, mpaka nilipozichanganya. Kumbe alikuwa anaimba, hasomi. Tangu hapo tunazicheza kama karata: nachanganya, anavuta moja, akiisoma sawasawa anaichukua, akikosea naichukua mimi. Watoto wa jirani nao wakaanza kujisogeza. Jioni moja, mimi nikiwa napinda suruali, akaweka "me" pembeni ya "za", akanyamaza, kisha akapiga kofi kwenye meza ya cherehani. Sikumwambia kitu. Alikuwa ameshajua.

Sasa, kesho yake akasema anataka kuandika "baba". Akaitafuta "ba", akaiweka. Akaendelea kupekua.

"Mama, ba nyingine iko wapi?"

Haipo. Kila silabi imechapwa mara moja tu. Maana yake huwezi kuandika baba, mama, dada, kaka, bibi, kuku wala pipi, yaani yale maneno ambayo mtoto wa Kiswahili anaanza nayo maisha! Hivi kweli mtu amekaa akabuni boksi la kusomesha Kiswahili, hakujaribu hata siku moja kuandika "mama"? Nikakata kadi nyingine kama arobaini hivi kwenye katoni, tena kwa mkasi wa kitambaa. Mafundi wenzangu wananielewa: mkasi wa kitambaa haukatishwi karatasi. Ulikuwa hauna makali wiki nzima, mpaka nikaupeleka kunolewa.

Wakati nakata nikagundua mengine. Kwenye kadi za silabi, ukiacha zile za herufi zenye picha, hakuna "m" peke yake, na bila hiyo huandiki mtoto, mti, mkate wala mchele. Ile m inajitegemea, ni silabi kamili, hata ukipiga makofi unapoitamka unaisikia: m-to-to, makofi matatu. Hakuna "n" ya nne na nchi. Hakuna mba, nda wala nji, kwa hiyo nyumba, panda na njia navyo havijengeki. Kuna nga nge ngi ngo ngu lakini ng' yenye kialama chake juu haipo, na mwanangu akazoea kuisoma ng'ombe kwa ng ile ya "ngoma". Lakini Q na X, ambazo Kiswahili hakina, zimepewa kadi zao, X ikiwa na picha ya mkono uliopigwa eksirei. C nayo imewekewa chungwa, wakati kwetu c haitembei bila h. Inaonekana mtu alichukua herufi za Kiingereza akabandika picha za Kiswahili.

Na hizo picha ndizo nilizogombana nazo zaidi. Kwenye T kuna tofaa. Mtoto anaitazama anasema "epo". Kwenye Z kuna zeze, anasema "gita". D ina dirisha, akasema "nondo", na kwa kweli dirisha lile lina nondo nyingi kuliko kioo. Sasa mtoto anatazama T anatamka "epo", halafu unamwambia sauti ya kwanza ni t? Hata zile alizopatia, kama samaki, alikuwa anasoma samaki, si herufi. Nilijua hivyo nilipofunika picha kwa kidole. Akabaki ananitazama usoni, eti jibu limeandikwa huko. Kadi zote 26 nikazifunika picha kwa vipande vya kitambaa na gundi. Zimependeza kuliko zilivyokuja.

Kitu kingine ambacho huwezi kukiona dukani: "a" ya kwenye kadi ni ile ya magazetini, yenye kofia inayokunjika juu, wakati mwalimu ubaoni anaandika ya duara na kijiti. Mwanangu aliamini ni herufi mbili tofauti. Hilo lilimalizwa na mwalimu mwenyewe kwa dakika moja, nilipomwandikia kwenye daftari.

Uimara ni wa wastani. Karatasi ni nzito ila haikuwekewa nailoni, na mikono ya watoto ina jasho na mabaki ya mihogo. Baada ya miezi mitatu pembe zimechakaa, na "ki" imemwagiwa chai.

Usitegemee pia kwamba boksi litakufikisha kwenye sentensi. Ukishavuka silabi, unahitaji hadithi fupi, na hapo hununui kitu: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni bure, na tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za watoto wadogo, nazo bure. Skrini ya simu yangu imepasuka, kwa hiyo huwa nazichapisha steshenari, kurasa chache kwa mara moja, anasoma usiku mimi nikishona.

Je, ningelinunua tena? Kwa elfu kumi na tano, ndiyo, kwa ajili ya zile nyekundu na nyeusi. Hapa mjini nimeliona kwa elfu ishirini na tano. Kwa bei hiyo, bora uombe katoni ya bure dukani kwa mangi, ununue kalamu mbili za wino mzito. Wiki iliyopita alikuwa amekaa chini ya meza na daftari langu la wateja, anasoma taratibu, "ko-ti… su-ti… de-ni." Akainua kichwa. "Mama, deni ni nini?" Mwenye deni lenyewe alikuwa amesimama mlangoni amekuja kuchukua gauni. Akacheka, akatoa nusu.

Ukilinunua, zihesabu kadi hapo hapo dukani, moja moja, hata muuzaji akinuna.