Nimechanganya E85 kwenye Corolla ya kawaida miezi mitano, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu wadau. Mimi niko Minnesota, Marekani, mwaka wa saba huu, kazi yangu ni kulea wazee zamu ya usiku, na kutoka kwangu mpaka kazini ni maili 34 kwenda tu, bado kurudi, kwa hiyo wese kwangu ni bili nzito kabisa. Sasa huku mahindi ndo kila kitu, ukitoka mjini dakika ishirini ni mashamba tu kulia na kushoto na ethanoli, yani ile alkoholi inayochanganywa na petroli, inatokana na hayo mahindi, yani petroli ya kawaida huku ina ethanoli asilimia 10 na jimbo lilishalazimisha hivyo tangu 1997. Sheli ninayojazia ina pampu ya E85 pembeni, yani mafuta yenye ethanoli nyingi; ile namba baada ya E ni asilimia ya ethanoli, kwa hiyo petroli ya kawaida huku ni E10. Mwezi wa tano petroli ya kawaida ilikuwa dola 3.19 kwa galoni, E85 ikawa 2.49. Senti 70 jamani! Kila nikisimama pale naiangalia ile bei mpaka nikasema basi, ngoja nijaribu, ila nijaribu kwa kupima sio kwa kubahatisha.

Gari yangu ni Corolla ya 2009, injini 1.8, tenki galoni 13.2, sio fleksi, yani haikutengenezwa kutumia ethanoli nyingi. Hili nalisema mapema kwa sababu kuna watu watasoma nusu halafu wakimbilie sheli. E85 huku ni ya gari za fleksi tu, zile ambazo nyingi zina kifuniko cha njano kwenye mdomo wa tenki, na pampu yenyewe imeandikwa hivyo. Gari za kawaida kitabu kinakwambia mwisho E10, na zile za kuanzia modeli ya 2001 EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imeruhusu mpaka E15, ndo ile inauzwa kwa jina la Unleaded 88. Nilichofanya mimi kiko nje ya kitabu na nje ya sheria za kile kibandiko cha pampu, na waranti yangu ilishakufa siku nyingi. Mwenye gari bado iko kwenye waranti, au gari ya mkopo, tafadhali usiguse.

Kitu cha kwanza nilichonunua sio mafuta, ni kile kidude cha OBD cha kusoma kompyuta ya gari, cha bluetooth cha dola 20, unachomeka chini ya usukani unasoma kwenye simu. Bila hicho usijaribu, nasema kweli. Kwa sababu petroli tupu inataka hewa kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta ili iungue sawasawa, ethanoli tupu inataka kilo 9 tu. Maana yake ukiongeza ethanoli ni lazima nozeli zimwage mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile. Kompyuta ya gari inajua hilo kupitia oksijeni sensa, ikiona hewa imezidi inaongeza mafuta kidogo kidogo, na ile asilimia inayoongeza ndo wanaita fueli trimu. Hiyo namba ndo mdomo wa gari, gari inakwambia yenyewe imefika wapi. Yangu kwenye E10 ilikuwa inacheza kwenye 2 mpaka 3, gari nzima kabisa. Kama yako iko kwenye 10 na hujaweka chochote, nenda kwa fundi kwanza.

Cha pili ni kupima ethanoli yenyewe, maana jina E85 linadanganya, kisheria inaweza kuwa na ethanoli kuanzia asilimia 51 mpaka 83 kutegemea msimu na eneo. Kupima ni rahisi mno. Chukua chupa ya glasi yenye mistari, weka maji mililita 50 na mafuta mililita 50, funga, tikisa, iache itulie. Ethanoli inapenda maji kuliko inavyopenda petroli, inahama inashuka chini na maji, petroli inabaki juu. Mstari wa maji wangu ulipanda kutoka 50 mpaka 86 hivi, yani zile 36 za juu zilizoongezeka ndo ethanoli kati ya 50 nilizoweka, nikakadiria asilimia 72 na kidogo. Fanyia nje, mbali na moto, na usimwage kwenye sinki.

Nikaanza na E20, galoni 2 za E85 halafu zilizobaki petroli ya kawaida. Sikusikia tofauti yoyote, gari ikiwa imesimama injini inanguruma kwa utulivu, trimu ikapanda mpaka 5, 6. Nikakaa hapo tenki tatu nzima kwa sababu kompyuta inahitaji muda wa kuzoea na mimi nilitaka namba za kweli sio za siku moja. Kwenye E10 nilikuwa napata maili 31 kwa galoni, hapa nikapata 30 na kitu.

E30 ndo niliipenda. Galoni 4 za E85 kwenye tenki, trimu ikakaa 9 mpaka 10, na kuna ule mlima kabla ya kufika kazini ambao siku za joto AC ikiwa imewashwa gari huwa inalalama kidogo, ile sauti ya kugonga kwa mbali, ikapotea kabisa. Hiyo inaeleweka, ethanoli ina oktani kubwa kwa hiyo haiwaki kabla ya wakati wake na kompyuta inaweza kuachia taiming, yani kuwahisha cheche ya plagi. Sitasema gari imekuwa na nguvu mpya maana sijaipima kwenye mashine, ila ile sauti haipo na nilisikia kwa masikio yangu wiki tano mfululizo. Maili zikashuka mpaka 28.9.

Sasa hapa pa hela ndo watu wengi wanakosea. Wanaangalia bei ya galoni, hawaangalii bei ya maili. Galoni ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko galoni ya petroli, hapo hakuna ujanja. Piga hesabu na mimi: E10 dola 3.19 gawa kwa maili 31 ni senti 10.3 kwa maili. Mchanganyiko wangu wa E30 uliniangukia dola 2.97 hivi kwa galoni, gawa kwa 28.9, senti 10.3 vilevile! Yani wiki zote zile za kuzunguka pampu mbili na kikokotoo mkononi sikuokoa hata senti. Niliumia lakini ndo ukweli na nimeuandika hapa ili mtu asidanganywe. Mwezi wa nane E85 ilishuka mpaka 2.19 huku petroli imebaki pale pale, hapo ndo nikaanza kuona faida, kama senti 3 kwa kila maili 10, kidogo sana, hata kwa maili ninazotembea mimi ni dola chache tu kwa mwezi. Kwa gari yangu E85 isipokuwa rahisi kwa robo hivi kuliko petroli, naipita tu.

Kosa nilifanya mwezi wa kumi. Bei ilikuwa nzuri, nikapata tamaa nikajaza E85 zaidi ya robo tatu ya tenki, nikakadiria nimefika E60 na kitu. Siku ya kwanza trimu 19. Ya pili 23. Siku ya tatu baridi imeingia asubuhi, natoka zamu nimechoka, napiga starta gari inazunguka tu inazunguka, imekuja kuwaka mara ya tatu na ikawa inamisi mpaka ilipopata moto, halafu katikati ya barabara kuu taa ya cheki injini hiyo hapo. Namba ya kosa kwenye simu ilikuwa P0171, maana yake hewa imezidi mafuta, kompyuta imeongeza mpaka imefika mwisho wake. Hapo ndo hatari yenyewe, ukikanyaga kwa nguvu injini inaungua kavu, yani hewa nyingi mafuta kidogo, joto linapanda, unaweza kuchoma vitu vya maelfu kwa kufuata senti. Niliendesha polepole mpaka sheli nikajazia petroli ya kawaida, baada ya siku mbili trimu ikashuka na taa nikaifuta haikurudi. Na ile kuwaka kwa shida ni tabia ya ethanoli, kwenye baridi haitoi mvuke kirahisi, ndo maana hata wauzaji wenyewe wanapunguza ethanoli kwenye E85 ya msimu wa baridi.

Mjomba wangu Morogoro aliposikia akanipigia, akauliza mbona Malawi wanachanganya tangu 1982 na hata Kenya miaka ya themanini walikuwa wanachanganya na ethanoli ya kiwanda cha Muhoroni, kwa nini yeye asiweke spiriti kwenye Corona yake. Nikamwambia mjomba shikamoo, hapana, usifanye hivyo. Ile inayochanganywa ni ethanoli iliyokaushwa maji kabisa, spiriti za dukani zina maji, na maji yakizidi kwenye mchanganyiko ethanoli inaachana na petroli inazama nayo chini ya tenki, pale pale pampu inapovuta. Halafu Corona yake ni ya kabureta, haina sensa wala kompyuta ya kuongeza mafuta, jeti zake, vile vitundu vya kupitishia mafuta, ni zile zile, itaungua kavu kuanzia siku ya kwanza na hakuna taa ya kumwambia. Bado mipira na paipu za mafuta za zamani, ethanoli inazilainisha zinavuja. Na gari iliyokaa miaka mingi na uchafu kwenye tenki, ethanoli inausafisha wote unakwenda kujaa kwenye filta. Alinielewa, ila aliniuliza mara tatu.

Mwezi wa kumi na moja nilifungua plagi mwenyewe, rangi safi, hazijaungua, paipu nimezikagua kwa tochi kavu zote. Sasa hivi nje ni barafu tupu na kwenye tenki kuna E10 ya kawaida. Mwezi wa tano nikiona lile pengo la bei limefika robo narudi kwenye E30, na kidude changu cha OBD kitakuwa kimechomekwa pale pale chini ya usukani.