Cheti Kipi cha Kiingereza Ununue Ukiwa Mtwara au Lindi

Kila mwaka malipo ya minada ya korosho yanapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, swali hili hunijia mlangoni. Mzazi ana kijana aliyemaliza shahada, au mwalimu mwenzangu ametunisha akiba kidogo, na anataka kujua anunue cheti kipi cha Kiingereza. Ninafundisha somo hilo katika sekondari moja ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, nimefanya mitihani miwili kati ya hii nitakayoieleza, na nimewahi kutupa fedha kwa cheti ambacho hadi leo kimelala kwenye bahasha yake. Kwa hiyo kabla ya kumjibu mtu, humuuliza ni nani atakayekipokea cheti hicho na kama ametamka kwa maandishi kwamba anakikubali. Chuo, ubalozi na mwajiri wanaweza kutaka vitu vitatu tofauti, na ada ya mtihani hairudishwi kwa sababu tu uliouchagua haukutakiwa.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji wa kozi hawalisemi. Vyuo vikuu kadhaa vya nje humsamehe mtihani mwombaji aliyesoma shahada yake kwa Kiingereza, mradi alete barua ya chuo chake inayothibitisha lugha ya kufundishia. Mhitimu wa chuo kikuu cha hapa nchini aandike kwanza baruapepe kwa chuo anachokiomba, aulize kama barua hiyo inatosha, kisha ndipo afikirie kulipa chochote. Tahadhari ni kwamba msamaha wa chuo na masharti ya viza ni mambo mawili. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza huwaondolea raia wake sharti la kuthibitisha Kiingereza, hata kama mtu amesoma sekondari yote kwa lugha hiyo.

Ikiwa mtihani hauepukiki, ninaiweka IELTS nafasi ya kwanza, ingawa si rahisi kwa bei wala kwa usumbufu. Inakubaliwa Uingereza, Australia, Kanada na katika vyuo vingi vya Marekani, na kituo chake kipo Dar es Salaam. Ada yake hupita dola 200 za Marekani, na mtu wa kusini aongeze gharama ambazo wa Kinondoni hazijui: nauli ya zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, malazi ya siku mbili au tatu, na chakula. Usithubutu kusafiri usiku wa kuamkia mtihani. Kusikiliza ni dakika 30, kusoma dakika 60, kuandika dakika 60, na mazungumzo na mtahini huchukua dakika 11 hadi 14. Mtu aliyeteremka kwenye basi saa chache zilizopita husikiliza huku bado masikio yanavuma injini.

Alama zake hupangwa kwa bendi kutoka 0 hadi 9, na vyuo vingi huomba 6.5 kwa jumla, mara nyingi kwa sharti kwamba hakuna sehemu iliyoshuka chini ya 6. Sharti hilo la pili ndilo linalowaangusha watu wetu. Nimewaandaa walimu na wahitimu kadhaa, na nimeona makosa yaleyale yakijirudia. Katika kusikiliza, mtu huandika neno sahihi lakini huacha herufi ya wingi mwishoni, na jibu lote huhesabiwa kosa. Nadhani sababu ni kwamba sikio la Mswahili limezoea kusubiri wingi mwanzoni mwa neno, kwenye wa- na vi- na ma-, kwa hiyo ile “s” ya Kiingereza hupita kama upepo. Katika mazungumzo, kosa ni la adabu: mtahini ni mkubwa, na sisi tumelelewa kumjibu mkubwa kwa ufupi. Hapo ufupi hauhesabiwi kuwa heshima, kwa sababu mtahini hawezi kupima maneno ambayo hujayasema. Mzoeze mtahiniwa aseme jibu, atoe sababu, kisha atoe mfano, hata kama ameulizwa tu anapenda chakula gani.

Wakati wa kujiandikisha, hakikisha unachagua aina sahihi. Ipo ya kitaaluma kwa wanaokwenda chuo, na ipo ya jumla, ambayo hutumika zaidi kwa uhamiaji na kazi. Pia ipo IELTS iliyoandaliwa mahsusi kwa viza ya Uingereza, ambayo maswali yake ni yaleyale lakini bei na utaratibu wake ni tofauti. Ukikosea hapo, umelipia safari ya bure. Matokeo hutumika kwa miaka miwili, kwa hiyo asiye na ombi mkononi asikimbilie kuufanya mwaka huu kwa sababu tu korosho zimelipa.

Nafasi ya pili ninaipa Duolingo English Test, na najua baadhi ya wenzangu watanishangaa. Ada yake iko chini ya dola 100, mtihani hufanyika nyumbani kwa muda wa kama saa moja, alama zake ni kati ya 10 na 160, na majibu hutoka ndani ya siku mbili hivi. Kwa mtu wa Nachingwea au Newala, kuondolewa safari ya Dar es Salaam ni nafuu kubwa kuliko tofauti yenyewe ya ada. Vyuo vingi vya Marekani na Kanada huukubali. Hata hivyo haumo katika mitihani inayotambuliwa kwa viza ya Uingereza, na hapo ndipo wengi hupotea.

Unafuu huo una masharti yake. Lazima uwe peke yako chumbani, kamera ikuone muda wote, masikio yawe wazi bila vipokea sauti, na macho yasitoke kwenye skrini. Mtoto akifungua mlango kuomba chumvi, matokeo yanaweza kukataliwa. Mwenzangu mmoja anayeishi Shangani alianza mtihani mchana wa Februari, na alipofika sehemu ya kuzungumza, mvua ikalipiga bati mpaka yeye mwenyewe hakujisikia. Alilipa tena, na safari ya pili aliomba chumba chenye dari ofisini kwa rafiki yake, saa kumi na moja alfajiri, kompyuta ikiwa na chaji kamili na bando la simu likiwa tayari iwapo umeme ungekatika. Kwa malipo, baadhi ya huduma za pesa kwa simu hutoa kadi ya mtandaoni inayokubalika, hivyo usimpe mtu wa steshenari kadi yako ya benki akulipie.

TOEFL iBT ya shirika la ETS ninaiweka ya tatu, na kwa mtu mmoja tu huipandisha hadi ya kwanza: mwalimu anayelenga Marekani, hasa anayeomba kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya huko kupitia mpango wa Fulbright FLTA. Inaweza kufanyika nyumbani, lakini kwa kompyuta tu, na karatasi za kawaida za kuandikia haziruhusiwi. Utatumia ubao mdogo mweupe unaofutika. Sehemu ya kuzungumza unaisemea mashine badala ya mtu. Wapo wanaopenda hivyo kwa kuwa hawaoni haya, na wapo wanaokauka midomo mbele ya mashine isiyotikisa kichwa.

PTE Academic ya Pearson ni nzuri na ya haraka, ila ulizia kwanza kama kituo chake kinafikika kwako. C1 Advanced ya Cambridge ina sifa moja tamu, kwamba cheti chake hakina tarehe ya kwisha, lakini ni mtihani wa kuandaliwa kwa miezi mingi na vyuo vinavyoutaja kwa jina ni vichache kuliko vya IELTS. Ninampendekezea mwalimu anayetaka kujipima mwenyewe, asiye na haraka ya viza.

Sasa tuje kwenye vyeti vya kufundisha. Hapa ndipo nilipoumia. Miaka kadhaa iliyopita nililipia kozi ya mtandaoni ya saa 120, nikaimaliza kwa usiku tatu kwa kubofya majibu ya kuchagua, na nikatumiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Sikuwa nimesimama mbele ya mwanafunzi hata mmoja. Shule niliyoipelekea maombi iliniuliza swali moja tu: nani alikuona ukifundisha? Sikuwa na jibu. Kozi za namna hiyo ninaziweka mwisho kabisa, maana “saa 120” ni maneno ambayo kampuni yoyote inaweza kuyachapa.

Kinachopaswa kulipiwa ni kuonwa ukifundisha. Kwa hiyo CELTA ya Cambridge inashika nafasi ya kwanza. Ina angalau saa 120 za masomo, saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi wa viwango viwili tofauti huku mkufunzi akiandika kila unachokosea, na kazi nne za maandishi. Asiye mzawa wa Kiingereza anaruhusiwa bila ubaguzi, mradi usaili uonyeshe kuwa lugha yake inatosha. Tangu 2020 inaweza kufanyika yote mtandaoni, lakini ada hupita dola 1,000 na intaneti isiyoyumba ni lazima. Mwalimu mmoja wa Masasi aliifanya wakati wa likizo akiwa amehamia kwa ndugu yake Lindi mjini kwa sababu ya mtandao tu. Aliniambia kilichomsaidia zaidi ni kuzoea kutoa maelekezo kwa sentensi mbili kisha kuuliza swali la kuhakiki kama yameeleweka, jambo ambalo sasa analifanya hata kwenye darasa lake la wanafunzi sabini. CertTESOL ya Trinity ina uzito huohuo na saa 6 zilezile za kufundisha. Ukiipata kwa bei nafuu zaidi, ichukue bila wasiwasi.

Kwa mwalimu aliyeajiriwa tayari na asiye na nia ya kuondoka, TKT, mtihani wa Cambridge wa maarifa ya kufundisha, ndiyo ninayoishauri. Imegawanyika katika moduli, kila moduli ni maswali 80 ya kuchagua kwa dakika 80, hakuna kufeli bali bendi ya 1 hadi 4, na unaweza kulipia moduli moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu. Haikuoni ukifundisha, lakini pia haidanganyi kwamba imekuona.

Mambo machache ya mwisho kabla ya kutoa fedha. CELTA na ndugu zake haziwi badala ya stashahada au shahada ya ualimu katika ajira za Serikali, ni nyongeza. Na anayekuambia kwamba cheti kitakupeleka Korea Kusini kufundisha Kiingereza, mwonyeshe kwamba viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi chache tu na Tanzania haimo. China nayo kwa kawaida hutaka raia wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kwanza. Lingine ni jina. Linganisha herufi kwa herufi jina la pasipoti, la kitambulisho cha NIDA na la cheti chako cha kidato cha nne, na kama moja linasema Saidi na jingine Said, lirekebishe kabla ya kujaza fomu ya mtihani, kwa kuwa mlangoni pa chumba cha mtihani hakuna mtu wa kusikiliza maelezo.