uPortal: uzoefu wangu wa kujijengea portali kutoka kwenye msimbo

uPortal haina faili la kubofya mara mbili likakusakinishia kila kitu. Unapewa msimbo, na kutoka kwenye msimbo huo unajijengea seva yako mwenyewe. Nimeitumia kuanzia kwenye kompyuta ya majaribio hadi kwenye seva inayohudumia wanafunzi na walimu wa chuo. Huko kulazimika kujenga, ambako huwatisha wengi mwanzoni, ndiko kulikonifanya niipende.

Kwa asiyeijua, uPortal ni portali ya wavuti iliyoandikwa kwa Java, ya chanzo huria, yenye leseni ya Apache 2.0. Ilitengenezwa na watu wa vyuo vikuu kwa mahitaji ya vyuo vikuu, chini ya jumuiya ya Jasig, ambayo mwaka 2012 iliungana na Sakai Foundation na kuzaa Apereo Foundation. Mtumiaji anaingia mara moja tu na kukuta ukurasa wenye vipande vyake vyote: ratiba, matokeo, matangazo, viungo vya maktaba. Kila kipande ni portleti, yaani programu ndogo inayojitegemea. Portleti hizo hufuata viwango vya JSR 168 vya mwaka 2003 na JSR 286 vya mwaka 2008, na ndani ya uPortal zinaendeshwa na Apache Pluto, programu ya kuendeshea portleti. Faida yake ni kwamba portleti iliyoandikwa kwa kufuata kiwango haifungwi kwenye portali moja. Kesho ukihama, kazi yako haipotei yote.

Nianze na Java, maana wengi hukwama hapo kabla hata hawajaona ukurasa wa kwanza. Toleo la 5 nililolitumia linataka JDK 8, yaani Java pamoja na zana za kujengea programu. JRE, yaani Java ya kuendeshea programu tu, haitoshi, kwa sababu kuna msimbo wa kukusanywa (compile). Kompyuta nyingi za leo zina Java mpya zaidi, na Gradle (zana inayojenga mradi huu) ya zamani ikikutana na Java mpya hutoa makosa ya ajabu kama “Unsupported class file major version 61”. Hiyo 61 ni Java 17. Java 8 ni 52. Jambo la kukumbuka ni kwamba skripti ya `gradlew` hutazama kwanza JAVA_HOME (kigezo cha mfumo kinachotaja folda ya Java), na ikiikosa ndipo hutafuta Java kwenye PATH (orodha ya folda zenye programu). Kwa hiyo unaweza kuandika `java -version`, ukaona 8, ukafurahi, kumbe JAVA_HOME inaelekeza kwingine kabisa. Kagua vyote viwili. Gradle yenyewe huna haja ya kuisakinisha, skripti hiyo itaipakua.

Baada ya hapo unanakili repo ya uPortal-start, yaani hifadhi ya msimbo wa kuanzia, kwa Git (chombo cha kutunza historia ya msimbo), unaingia ndani ya folda na kuandika:

`./gradlew portalInit`

Amri hii moja inabeba kazi nne. Inaiwasha hifadhidata ndogo ya HSQLDB inayokuja na mradi, inapakua na kupanga Tomcat (seva inayoendesha programu za wavuti za Java), inajenga programu zote za wavuti na kuzipeleka ndani ya hiyo Tomcat, kisha inaunda majedwali na kuingiza data za mfano. Mara ya kwanza inachukua muda, kwa sababu maktaba za Java zinazohitajika ni nyingi na zote zinatoka mtandaoni. Mtandao ukikatika katikati, rudia tu. Zilizokwisha kupakuliwa zimehifadhiwa kwenye folda ya `.gradle` iliyo nyumbani kwa mtumiaji. Zikishakamilika zote, unaweza kuongeza `--offline` na ukajenga bila mtandao, jambo ambalo limenisaidia sana kwenye seva zilizofungiwa zisitoke nje.

Kisha `./gradlew tomcatStart`, unafungua kivinjari kwenye `http://localhost:8080/uPortal`, na portali inakupokea. Isipofunguka, angalia kwanza kama kuna programu nyingine iliyoshika poti 8080, au 8887 inayotumiwa na HSQLDB.

Data za mfano zina watumiaji admin, student, faculty na staff, na nenosiri la kila mmoja ni sawa na jina lake. Ingia kwa kila mmoja, mmoja baada ya mwingine, kabla hujagusa chochote. Mwanafunzi anaona kurasa zake, mhadhiri zake, msimamizi zake, na hakuna aliyekaa kumpangia kila mtu ukurasa wake. Ni dakika chache tu, lakini zinaeleza kazi ya portali kuliko maelezo marefu. Akaunti hizo ziondolewe kabla seva haijafunguliwa kwa umma.

Sasa jambo ninalotaka kila msomaji aondoke nalo. Ile kazi ya nne ndani ya `portalInit` inaitwa `dataInit`, nayo hufuta majedwali yote na kuyaunda upya. Yote. Siku ya kwanza ndilo unalolitaka. Miezi sita baadaye, kukiwa na mipangilio ya maelfu ya watumiaji, ni maangamizi. Maelezo rasmi ya mradi yanaonya waziwazi, lakini onyo ni maandishi tu, na mtu aliyezoea kuandika amri fulani huiandika tena bila kufikiri, hasa usiku seva inapokataa kuwaka na kila mtu anapiga simu. Ukibadilisha portleti au faili la mipangilio, amri unayoihitaji ni `tomcatDeploy`. Hiyo haigusi data.

Kwetu hatukutegemea kumbukumbu ya mtu. Kwenye seva ya kazi tunatumia hifadhidata ya PostgreSQL, ambako ruhusa ya kusoma na kuandika peke yake haitoshi kufuta jedwali. Basi majedwali yanamilikiwa na akaunti moja, na portali inaingia kwa akaunti nyingine yenye ruhusa ya kusoma na kuandika tu. Mtu akiandika `dataInit` pale kwa bahati mbaya, hifadhidata inakataa. Nakala za akiba zipo pia, lakini kinga hii inafanya kazi kabla ya hasara.

Kuhama HSQLDB hakuna ubishi: ni ya majaribio, usiipe watumiaji wa kweli. Unaongeza dreva ya JDBC (kiunganishi cha Java na hifadhidata) ya hifadhidata yako kwenye mipangilio ya Gradle, kisha unaandika anwani, jina la mtumiaji na nenosiri kwenye `global.properties`. Nenosiri la seva ya kazi lisikae ndani ya repo. uPortal inatambua folda iitwayo PORTAL_HOME, na faili la mipangilio lililowekwa humo kwenye seva ndilo linaloshinda. Kwa njia hiyo repo inabaki safi na siri inabaki kwenye seva.

Hapa ndipo uzuri wa kujenga mwenyewe unapoonekana. Katika toleo la 4, taasisi nyingi zilikuwa zinachukua msimbo wote wa uPortal na kuuhariri humo humo. Toleo jipya likitoka, kuoanisha mabadiliko yako na yao kulikuwa mateso, na wengi waliishia kubaki na toleo la zamani kwa miaka. Toleo la 5 lilitenganisha mambo hayo. uPortal yenyewe inakuja kama kifurushi kilichokwisha kujengwa, na uPortal-start ndiyo yako: ina mipangilio yako, data zako za mwanzo, na folda ya `overlays` ambamo unaweka faili ulizobadilisha tu. Namba ya toleo la uPortal iko kwenye `gradle.properties`. Kupanda toleo ni kubadilisha namba hiyo, kujenga, na kujaribu kwenye seva ya majaribio. Isipokubali, unairudisha namba kama ilivyokuwa. Kila badiliko lina tarehe yake, jina la aliyelifanya na sababu yake kwenye historia ya Git. Mtu akihama kazi, anayempokea hahitaji kuuliza seva ilipangwaje. Anasoma repo, anaijenga kwenye kompyuta yake, na anapata portali ileile. Nimefanya kazi na seva zilizopangwa kwa mikono na watu walioondoka zamani, ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa, ndiyo maana nalithamini jambo hili.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuielewa ni mpangilio wa kurasa. uPortal haina “ukurasa wa wanafunzi” uliohifadhiwa mahali. Ina vipande vya mpangilio, kila kimoja kikiwa na mmiliki wake na hadhira yake, na mtu anapoingia, mfumo unakusanya vipande vinavyomhusu na kumuungia ukurasa mmoja papo hapo. Hadhira huamuliwa na makundi yaitwayo PAGS, yanayopima sifa alizokuja nazo mtu wakati wa kuingia: idara, mwaka wa masomo, aina ya ajira. Kwa mfano, unatengeneza kundi la wenye sifa ya mwaka wa kwanza, unalifunga na kipande chenye portleti ya maelekezo ya usajili, na kila mwanafunzi mpya anakikuta bila wewe kumwongeza popote. Akiingia mwaka wa pili, kinatoweka chenyewe. Vyote hivi vinaweza kuwekwa kwenye faili za XML. Unaweza kuvipanga kwenye kivinjari kisha ukavitoa kwa `dataExport`, ukaviweka kwenye repo na kuviingiza kwenye seva nyingine kwa `dataImport`. Kama taasisi yako haina chanzo safi cha sifa za watu, LDAP (orodha kuu ya watumiaji wa taasisi) au hifadhidata iliyosawazishwa vizuri, shughulikia hilo kwanza. Portali haiwezi kujua mtu ni wa mwaka gani kama hakuna mfumo unaojua.

Kuhusu kuingia, mradi unakuja na CAS, mfumo wa kuingia mara moja uliozaliwa Chuo Kikuu cha Yale. Kwenye majaribio unafanya kazi bila kuguswa. Kuhusu sura, ngozi (muonekano) ya Respondr imejengwa juu ya Bootstrap, maktaba ya kupanga kurasa, na kuandikwa kwa LESS, lugha ya kuandikia mitindo ya kurasa. Rangi na nembo utabadilisha kwa haraka, muundo wenyewe utachukua kazi zaidi.

Kasoro zipo, na nyingine ni nzito. Maelezo yametawanyika, na ya toleo la 4 yamechanganyika na ya toleo la 5. Alama ya kuyatofautisha ni amri: ukiona `ant initportal`, hayo ni ya zamani, yaache. Makosa ya seva huja kama msururu mrefu wa mistari ya Java unaomkatisha tamaa asiyeuzoea. Usiusome kutoka juu. Shuka hadi “Caused by” ya mwisho, mara nyingi sababu halisi imeandikwa hapo kwa mstari mmoja. Tomcat nayo inabeba programu nyingi kwa pamoja, kwa hiyo kuwaka kunachukua muda na kumbukumbu inaliwa. Usiibane kwenye seva ndogo.

Halafu kuna suala la portleti zenyewe. Kiwango kimezeeka, na vijana wanaojifunza kuandika wavuti leo hawakikuti darasani. uPortal imelijibu kwa teknolojia ya Soffit, ambayo inaleta kipande cha ukurasa kutoka programu nyingine kwa HTTP huku taarifa za mtumiaji zikipita ndani ya tokeni za JWT (vipande vya data vilivyotiwa saini), na pia kwa kukubali vipengele vya wavuti vya JavaScript. Kazi zetu mpya zote tunaziandika kwa njia hizo mbili. Portleti za zamani tunaziacha ziendelee mahali zinapofanya kazi vizuri.

Kama unachotaka ni portali ambayo ofisi ya mawasiliano itaijaza kurasa na habari kwa kivinjari bila mwandishi wa programu, angalia Liferay, portali nyingine ya Java. Inakuja kwenye kifurushi chenye Tomcat ndani yake, unakifungua, unaiwasha, na inakuuliza mambo ya msingi kwenye kivinjari. Ni njia fupi zaidi kwa hitaji hilo. Kwa chuo chenye angalau mtu mmoja anayeijua Java na Git vizuri, na mifumo mingi inayotakiwa kuonekana mahali pamoja kwa mujibu wa nani anaingia, naipendekeza uPortal bila kusita. Mtu huyo mmoja asiwe mmoja daima: mpe mwenzake repo wiki ya kwanza, akae peke yake na kompyuta tupu, aijenge portali nzima mpaka ukurasa ufunguke. Pale atakapokwama, ndipo maelezo yenu ya ndani yanapotakiwa kuongezwa.