Uzoefu wangu na scikit-learn: kipimo cha umbali ndicho kilichoamua makundi

Nimetumia maktaba ya programu ya scikit-learn kwa miezi kadhaa kupanga hati 20,000 katika makundi, kila hati ikiwa imegeuzwa kuwa vekta, yaani orodha ya namba, ya idadi ya maneno yenye sifa (namba moja kwa kila neno) zaidi ya 10,000. Ninaisifu bila kusita, hasa kwa sababu inamwachia mtumiaji uamuzi wa namna ya kupima utofauti.

Nilianza na umbali wa Euclid, yaani umbali wa mstari ulionyooka kati ya nukta mbili, na makundi yaliyotoka yalinisikitisha, kwani hati ndefu zilikusanyika pamoja hata pale zilipozungumzia mambo yasiyohusiana kabisa. Nikachukua hati moja ndefu, nikayarudia maneno yake yote mara mbili, kisha nikapima: kwa Euclid, hati hiyo ilikuwa mbali na nakala yake kuliko ilivyokuwa mbali na hati fupi ya mada nyingine. Umbali wa kosaini ulitoa 0, kwa kuwa wenyewe huangalia mwelekeo wa vekta, si urefu wake.

Jaribio lililonifungua macho zaidi lilikuwa la nukta 200 za kubahatisha, kila sifa ikiwa kati ya 0 na 1. Zikiwa na sifa 2, umbali kati yake ulianzia karibu na 0 hadi kupita 1. Nilipoongeza sifa zikafika 1,000, karibu kila umbali uliangukia kati ya 12 na 14. Jirani wa karibu na wa mbali wakishalingana hivyo, algoriti haina cha kushika. Data halisi haitawanyiki kiholela namna hiyo, na ndiyo maana kazi hii bado inawezekana.

Kubadilisha kipimo ni suala la neno moja tu. Hata hivyo, mbinu ya Ward, inayounganisha makundi hatua kwa hatua, hukubali Euclid pekee, na ujumbe wa kosa uliniambia hivyo waziwazi. Nikahamia kwenye uunganishaji kwa wastani, unaotazama wastani wa umbali kati ya hati za makundi mawili, na mada zikatengana vizuri.

Angalieni kumbukumbu ya kompyuta: jedwali kamili la umbali kwa hati 20,000 lina namba milioni 400, yaani takribani gigabaiti 3.2. Asiyekuwa na nafasi hiyo azifanye vekta zote ziwe na urefu wa 1, kisha atumie mbinu ya k-means, inayoiweka kila hati kwenye kundi ambalo kitovu chake kiko karibu nayo zaidi, kwa sababu hapo Euclid hupanga majirani kwa utaratibu uleule wa kosaini.