Sola ya kubeba kwa mtu wa Dodoma: anza na betri

Dodoma jua tunalo. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni kama hakuna, na hata kifuku jua hupenya kati ya mvua na mvua. Kinachotushinda ni kulitunza mpaka usiku. Kwa hiyo anayetaka sola ya kubeba, iwe ya kibanda cha chipsi, ya kulindia zabibu Hombolo, au ya kuzunguka nayo minadani kama mimi, achague betri kwanza. Paneli ije baadaye.

Kabla ya kwenda dukani, andika usiku wako kwenye karatasi. Wangu ni huu: taa tatu za LED za wati 5 kwa saa tano, wati-saa 75. Simu sita za wateja, kila moja inakula kama 25 ukijumlisha na kinachopotea njiani, 150. Tivii ndogo ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) ya wati 25 kwa saa nne, 100. Jumla 325. Muuzaji akikuuliza una shilingi ngapi, mtajie kwanza namba hiyo. Njia ziko nne, nimezipanga kuanzia ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza: boksi la kuunda mwenyewe kipande kwa kipande, lenye betri ya lithiamu (aina ya LiFePO4)

Chukua ya volti 12.8, 50Ah (ampia-saa, kipimo cha ukubwa wa betri). Ukizidisha unapata wati-saa 640, na unaweza kutumia karibu asilimia 90 bila kuiumiza, yaani kama 575. Betri ya asidi ya 100Ah kwa maandishi ina 1,200, ila ukizoea kuishusha chini ya nusu inakufa mapema, kwa hiyo zako za kweli ni 600. Hamsini ya lithiamu inafanya karibu kazi ya mia ya asidi! Halafu zibebe: ya lithiamu ina kilo kama 6, ya asidi inakaribia 30. Mtu wa kupanda bodaboda na mzigo wake hahitaji kuelezwa zaidi. Lithiamu nzuri huvumilia kuchajiwa na kutumika zaidi ya mara 2,000, wakati asidi ya kawaida ikishushwa nusu kila siku huishia mia kadhaa. Ukiuliza bei, linganisha 50 ya huku na 100 ya kule. Wengi wanalinganisha 100 kwa 100, wanashtuka, wanarudi kwenye asidi.

Paneli ya wati 100 inatosha kwa betri hiyo. Kadiria saa tano za jua la nguvu kwa siku, toa asilimia 30 inayoliwa na joto, vumbi na nyaya, unabaki na wati-saa 350. Usiku wangu umeshalipwa. Usiilaze paneli juu ya bati, maana kila nyuzi joto moja juu ya 25 inapunguza karibu asilimia 0.4 ya umeme, na paneli ya mchana wa Oktoba inaweza kufika nyuzi 60. Iinue, upepo upite chini yake. Vumbi lioshe alfajiri kabla kioo hakijapata moto.

Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, iko ya PWM (ya kawaida) na ya MPPT (inayobana umeme zaidi kutoka kwenye paneli). PWM inatosha paneli moja ndogo ya namna hii. Ukichukua paneli kubwa za nyumbani, zenye volti nyingi, hapo tafuta MPPT. Yoyote utakayochukua iwe na mpangilio wa lithiamu, na unganisha betri kwanza ndipo paneli. Ukifungua, anza na paneli.

Inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nunua ndogo au iache kabisa. Ikiwashwa bila mzigo wowote inaweza kula wati 8, na kwa saa kumi za usiku ni 80, kuliko taa zangu zote tatu. Taa, simu, tivii, feni, vyote vipo vya DC.

Fyuzi ndipo nisipokubaliana na fundi yeyote anayesema si lazima. Ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Nilishuhudia nyaya mbili zikigusana ndani ya boksi lisilo na fyuzi: ganda lilianza kutoa moshi, likadondoka matone meusi kwenye ubao, na aliyetaka kuuchomoa waya akaungua vidole. Ilikuwa kibandani, na mtoto amelala nyuma ya gunia la viazi.

Ya pili: boksi la kiwandani

Haya ni kama ya EcoFlow, Bluetti na Jackery, kila kitu ndani ya ganda moja. River 2 ya EcoFlow ina wati-saa 256 na kilo 3.5, inafaa kwa mpiga picha au anayekwenda kikazi Kondoa na kompyuta mpakato. Angalia iwe ya LiFePO4. Nimeiweka ya pili kwa sababu ikiharibika ubao wa ndani, fundi wa mtaani hana la kufanya, ilhali boksi la kuunda unabadilisha kipande kimoja.

Ya tatu: seti ndogo za taa na simu

Kwa taa na simu tu, Sun King au d.light zinatosha. Ukilipa kidogo kidogo, zidisha malipo ya siku kwa siku zote kabla ya kukubali.

Ya mwisho: betri ya asidi

Joto letu linaitesa, na kuimwaga njiani ni rahisi. Ukilazimika, ipime. Mwaka niliponunua yangu iliandikwa 100Ah. Ilipoanza kuzima saa tatu usiku niliipeleka kwa jirani anayenunua alizeti, tukaiweka kwenye mzani: kilo 14. Madini ya risasi yaliyo ndani ya betri ya asidi ni mazito, na ya kutosha 100Ah hayawezi kuwa na uzito mdogo hivyo. Aliyeniuzia alisema alivyoipokea ndivyo alivyoiuza, na pesa ya mtaji wa msimu ikaishia hapo. Tangu siku hiyo napima kabla ya kulipa.

Na paneli pia hupimwa. Wati 100 za kweli zinahitaji kama nusu mita ya mraba, hivyo nenda na futi. Kisha omba itolewe juani saa sita, mita ya kupimia umeme iwekwe kwenye ampia 10 za DC, nyaya mbili za paneli ziguswe na mita hiyo: isome karibu ampia 5 au zaidi. Akikataa kuitoa juani, duka la jirani liko wazi.